Maji Ndani ya Chasisi

Waliokuwepo kwenye gereji ya Huseni, pale Bungu, asubuhi moja ya mwaka 1993, walikuwa hawa: Huseni mwenyewe, fundi wa magari, Mahamudu, mwenye pikapu, Nasma, mkewe, Mzee Abdurahmani, baba yake Nasma, fundi wa mashua wa Nyamisati, na Amri, mjomba wake Nasma, baharia mstaafu. Bi Mwantumu, mnunuzi wa kamba wa delta ya Rufiji, hakualikwa na mtu, lakini matenga yake yalikuwa juu ya gari na barafu yake ilikuwa inayeyuka, kwa hiyo naye alikuwepo.

Gari lilikuwa limesimama juu ya shimo la gereji. Huseni alipanda kutoka humo shimoni na nyundo mkononi, uso umemshuka kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Kaka Mahamudu, nimeigonga chasisi ubavuni, pale nyuma ya gurudumu la kushoto. Nyundo imeingia."

"Imeingia wapi?"

"Ndani. Kama kwenye papai bivu."

Amri alimgeukia Mzee Abdurahmani. "Shemeji, mkweo hakununua gari, alinunua biskuti."

"Biskuti hiyo ndiyo iliyokufikisha hapa," Mzee akamjibu. "Kwa miguu yako hiyo ya kuku tungekungoja mpaka kesho."

Siku nyingine Nasma angecheka. Leo alimtazama mumewe, akamwona anajifuta jasho lisilokuwepo. Gari lile lilitoka Japani wakati magari yaliyokwisha kutumika yalipoanza kuteremshwa bandarini kwa wingi, na mkulima wa korosho naye akathubutu kujiona nyuma ya usukani. Wao wawili waliuza kila kilichouzika ili walipate. Tangu hapo ndilo lililotoa kamba Nyamisati na kuwafikisha barabara kuu, na ndilo lililowakimbiza wagonjwa hospitali ya Mchukwi. Nasma mwenyewe alilazwa humo nyuma, juu ya godoro, siku uchungu wa kumzaa mtoto wao Iman ulipokataa kungoja. Likivunjika chasisi, hawana jingine. Na likivunjika njiani, huenda kukawa na mtu amelazwa nyuma.

"Nitachomelea bati pale palipotoboka," Huseni alisema. "Hilo si shida. Shida ni baadaye. Lazima tuchague cha kulipaka chini, la sivyo kutu itahamia pengine. Mimi nasema lami. Nachemsha pipa zima, nalipaka chini kote, kila mahali. Ikishakauka, hata Rufiji ifurike mpaka Kibiti, tone haliingii."

"Lilikwisha kupakwa," Mzee Abdurahmani alisema kwa utulivu. "Nililipaka deheni mimi mwenyewe."

Kweli, alilipaka. Ile deheni, chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu, ambayo alikuwa amepaka matumbo ya mashua zisizohesabika, ilikuwa bado inaonekana chini ya gari, nyeupe iliyochujuka, imeshika kama ngozi ya pili. Watu wa Nyamisati walipenda kumtania kwa ajili yake, wakimwita fundi wa chombo cha nchi kavu, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokiri. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kuimaliza kwa mikono yake kabla mtoto wa jicho hajamfunika.

"Deheni si mbaya, baba," Mahamudu aliharakisha kusema, macho chini, kama inavyompasa mkwe. "Gari ndilo lililokuja bovu."

"Hapo umesema," Amri alidakia. "Nyinyi mnadhani chumvi ililianzia Nyamisati? Mimi nilikaa majira mazima ya baridi katika bandari moja ya kaskazini huko Japani, meli yetu ikitengenezwa. Theluji inaanguka mpaka barabara haionekani. Basi yanapita malori, yanamwaga chumvi njiani kama mwanamke anayeunga mchuzi, ili theluji iyeyuke. Magari yanaoga maji ya chumvi miezi na miezi. Gari hili lilikula chumvi kabla halijajua Bungu iko wapi."

"Na wenyewe huko wanapaka nini?" Nasma aliuliza.

"Wanagombana, mpwa wangu, kama mnavyogombana hapa. Mmoja anapaka kitu cheusi kigumu kama lami ya Huseni. Mwingine anapuliza mafuta yasiyokauka, yananuka, yanachuruzika, na kila mwaka kabla ya theluji anapuliza tena. Wa kwanza anamcheka wa pili kwa uchafu. Wa pili anamwambia wa kwanza: wewe hujui kinachoendelea chini ya koti lako."

"Lami, jamani, lami!" Bi Mwantumu alipaza sauti kutoka upande wa matenga. "Pakeni hiyo inayokauka haraka. Kamba wangu hawana subira ya kusikiliza habari za Japani."

Huseni alicheka, akaegemea gari ili alisukume kidogo lirudi nyuma. Gari likayumba. Na hapo Nasma akaisikia.

Ilikuwa sauti ndogo, ya chini, kama ya dafu linalotikiswa sikioni kujua kama lina maji. Aliwahi kuisikia mara nyingi njiani, penye mabonde, akadhani ni barafu ya Bi Mwantumu. Lakini barafu ilikuwa juu, na sauti hii ilitoka chini, ndani ya chuma.

Akakumbuka juma lile gari lilipowasili. Baba yake alikuwa amelala chali juu ya mkeka chini ya gari, akipapasa chasisi yote, akanung'unika: "Hawa waliounda chombo hiki waliitwa kula kabla hawajamaliza. Ona matundu! Chini kabisa, tena mengi." Naye Nasma, kama alivyofanya tangu utotoni, alikaa pembeni akimsokotea pamba na kuichovya katika mafuta, na baba yake akaikalafati katika kila tundu kwa patasi na nyundo, taratibu, kwa ufundi ule ule uliozuia bahari isiingie katika mashua. Alipomaliza alitoka akitabasamu. "Sasa halivuji," alisema, na majirani wote wakampigia makofi.

Halivuji. Maji yaliyoingia kwa juu, ya matenga, ya matope ya Nyamisati, yaliingia na kubaki. Yaliamsha chumvi ya zamani ya theluji na kulala nayo ndani ya chuma, mwaka mzima na zaidi.

Huseni alikuwa amekwisha kuchochea moto chini ya pipa. Lami ikipita juu ya ile pamba, hakuna atakayejua kamwe. Baba yake atarudi Nyamisati akiwa fundi wa chombo cha nchi kavu, na aibu yoyote itakwenda kwa Wajapani na theluji yao. Lakini gari litaoza kwa ndani likiwa limependeza kwa nje. Na kusema je? Amwambie baba yake, mbele ya mkwewe na mbele ya fundi kijana, kwamba ndiye aliyeliua? Mzee yule alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, mikono magotini, akigeuza uso kufuata sauti za watu kwa sababu nyuso hazioni tena vizuri.

Akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Baba, nikuulize jambo la kazi."

"Uliza."

"Mashua ikipandishwa pwani, ina maji ndani, unaanza na nini?"

"Swali gani hilo, na umekulia pale? Unachomoa nguruzi. Kizibo cha chini. Maji yanatoka yenyewe, kisha ndiyo unaanza kukwangua."

"Na mashua isipokuwa na nguruzi?"

"Haipo mashua ya namna hiyo. Fundi asiyeacha tundu la nguruzi, chombo chake kitaozea pwa..."

Hakumaliza. Nasma aliona vidole vya baba yake vikianza kutembea juu ya goti, kimoja baada ya kingine, kama vinavyopapasa kitu kilicho mbali.

"Huseni," Mzee alisema baadaye, "zima moto huo kwanza. Mahamudu, nishike mkono, nataka kuteremka."

Mahamudu alimtazama mkewe, asielewe, kisha akamshika baba mkwe wake na kumteremsha shimoni ngazi kwa ngazi. Mzee alipapasa chasisi kwa muda. Akaomba bisibisi. Akachokonoa mahali pamoja, akavuta, na kipande cha pamba nyeusi kikatoka kama mzizi. Maji yakafuata. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yakamwagikia mkono wake, yakateremka mpaka kwenye kiwiko na kulowesha fulana. Hakujisogeza. Aliramba kidole.

"Chumvi," alisema.

"Ya Japani au ya kwetu?" Amri aliuliza kutoka juu, lakini kwa sauti ya upole.

"Zimekwisha kuoana humu ndani, shemeji. Na aliyefunga ndoa ni mimi."

"Sote tulikuwepo, baba," Mahamudu alisema, na safari hii aliinua macho. "Sote tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote."

"Mimi ndiye niliyesokota pamba," Nasma alisema.

Mzee alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepewa maji ya kunywa. "Basi tumeliziba ukoo mzima."

Alichomoa vizibo vyote mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Kazi ilipokwisha, mashauri yakaanza upya, na sasa hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa Bi Mwantumu. Mzee alitaka sifa, mafuta ya papa, kwa kuwa yanapenya katika kila ufa wa ubao na hayafungi kitu. Huseni alipinga: mafuta huoshwa na matope, na karibu na magurudumu changarawe itayakwangua kwa siku chache.

"Halafu mafuta yanalainisha mipira ya breki," aliongeza. "Mkinipakia papa kwenye breki, mtasimamia kisiwani Mafia."

"Mipira inafungwa kwa nailoni kabla ya kupaka," Amri alisema. "Nao kule walifunga."

"Na ndani ya chasisi utayafikishaje? Kwa kijiko?"

"Kwa pampu ya mikorosho," Mahamudu alisema. "Ile ya kupulizia dawa. Mpira wake mwembamba utapita kwenye matundu."

Huseni akalizungukia gari, akarudi. "Hapo umeniweza," alisema. "Nitaitafuta mimi."

"Na kamba wangu wanuke papa!" Bi Mwantumu alilalamika.

"Kamba wako, dada," Amri alimwambia, "wananuka kamba. Hakuna atakayetambua."

Hata Bi Mwantumu alicheka. Mahamudu akamgeukia baba mkwe wake ili aamue, lakini Mzee alitikisa kichwa, akamnyooshea mkono Nasma.

"Sema wewe. Gari ni lenu, na wewe ndiye uliyeuliza."

Nasma alisimama mbele yao, akajifunga kanga vizuri.

"Basi tumeamua hivi," alisema. "Deheni yote inakwanguliwa leo. Gari litaoshwa kwa maji baridi ya kisima, nje na ndani ya chasisi, na litaanikwa juani mpaka likauke kabisa, ndipo Huseni achomelee. Ndani na kwenye maungio tutapuliza sifa. Lami ya Huseni itapakwa karibu na magurudumu tu, pale mawe yanaporuka, tena juu ya chuma kikavu. Matundu hayazibwi na mtu. Bi Mwantumu, matenga yako yatahamia kwenye gari jingine leo, na yakirudi yatakaa juu ya sinia la bati lenye mfereji, maji yake yamwagike barabarani, si kwetu. Na kila mwaka kabla ya masika, mashua zikipandishwa Nyamisati, gari nalo litapelekwa pale pwani lipandishwe juu ya magogo. Baba atapita kila tundu kwa kidole. Yeye akisema liko wazi, ndipo tutakapopaka."