Mama Kunajambo na Jengo la Mizani

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyekuwa na haja nalo tena. Kuanzia walinzi wa geti la halmashauri mpaka wauza viazi sokoni, wote walimwita Mama Kunajambo, kwa sababu diwani huyu hakuwahi kupokea kitu, hata glasi ya maji, bila kukitazama kwanza pande zote na kusema, "Hapa kuna jambo." Kabla ya udiwani alikuwa fundi cherehani. Cherehani ilimfundisha kwamba kila nguo yenye upande mzuri ina pia upande wa ndani, wenye mafundo na nyuzi. Sasa yeye alifikia mahali pa kuuangalia upande wa ndani tu.

Na tusimwonee mtoto wa watu. Mara nyingi jambo kweli lilikuwepo. Ni yeye aliyegundua kwamba taa za barabarani ambazo baraza liliambiwa zinawaka zilikuwa nguzo tupu, kunguru wametaga juu. Ni yeye aliyeuliza mbele ya watu kwa nini gari la taka linapita mara mbili mtaa anaoishi Meya na sokoni halifiki kabisa. Watu wa soko wakampenda, wakamchagua tena, naye akarudi barazani na macho makali kuliko ya kwanza.

Ajenda ya kikao cha mwezi ilipomfikia, aliisoma amesimama jikoni, chai inapoa. Mambo yalikuwa yale yale ya siku zote: kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, matairi ya gari la taka, mbwa wasio na wenyewe, choo cha stendi, mitaro. Halafu namba saba: "Jengo la mizani ya zamani: mabadiliko ya matumizi. Maelezo yatatolewa ukumbini."

"Maelezo yatatolewa ukumbini," alirudia kwa sauti. "Kwa nini ukumbini? Kwa nini si sasa? Hapa kuna jambo."

Mumewe, dereva mstaafu asiyependa haraka tena, alikuwa anatafuna mkate. "Labda ni jambo zuri."

"Jambo zuri halifichwi."

"Hata nilipokuja kukuposa ulisema kuna jambo."

"Na lilikuwepo! Ulinificha kwamba unakoroma."

Mzee wa watu akarudi kwenye mkate wake. Lakini mama hakuwa na utani. Jengo la mizani lilikuwa pembeni mwa soko, mahali walipokuwa wakipimia magunia zamani: kuta nene, madirisha makubwa, bomba la maji uani, kufuli mlangoni miaka nenda rudi. Na mita chache kutoka hapo, kwenye kibaraza cha soko, kati ya bucha na wauza mkaa, mdogo wake wa kuzaliwa naye tumbo moja alikuwa akilea watoto wa wanawake wa sokoni. Mama Mdogo, ndivyo kila mtu alivyomwita, mpaka wazee waliomzidi umri. Watoto walilala kwenye mikeka juu ya saruji, paa likivuja. Msimu wa mvua uliopita mkokoteni wa magunia uliteleza ukaja mpaka kwenye mikeka, ukasimama kidole kimoja tu kutoka kichwa cha kichanga. Mama wa mtoto yule alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ile Mama Kunajambo aliapa mbele ya wanawake wote kwamba jengo la mizani litakuwa la watoto, wapende wasipende.

Tatizo, jengo lilikuwa na mchumba mwingine. Mwenye Simenti, tajiri wa vifaa vya ujenzi, alilitaka kwa ghala, wala hakuficha. Alikuwa akipita pale na kulipigapiga ukuta kwa kiganja kama anayenunua tikiti.

Akielekea kikaoni alipitia kwa mdogo wake. Mama Mdogo alikuwa ameinama kwenye kona, na alipomwona dada yake akatupia kitambaa juu ya kitu haraka haraka. Lakini jicho la fundi halikosi: lilikuwa kopo la rangi, na brashi mpya.

"Unanificha nini?"

"Nikufiche nini, Dada? Nenda salama." Kisha akamshika mkono. "Ila leo, nakuomba, kaa utulie. Sikiliza mpaka mwisho. Usigombane na mtu."

"Nani amekwambia nitagombana?"

Mama Mdogo akacheka kidogo, cheko la midomo tu. Mama Kunajambo akaondoka. Mdogo wake naye! Amepewa nini ili anyamaze? Kopo la rangi? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na mara akaona aibu kuwaza hivyo, na bado aliendelea kuwaza.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Meya mwenyewe, meno nje. Bwana huyu kwa kawaida alimsalimia mama kwa kidevu, tena akiwa amechelewa kugeuka. Leo alimpokea kwa mikono miwili. "Dada yangu! Goti linaendeleaje? Niliambiwa linakusumbua."

Goti! Nani alikuwa amemwambia habari za goti?

Hayakuishia hapo. Kwenye kiti chake alikuta mto laini umewekwa. Mezani, soda baridi, ile ile anayoipenda, na wenzake wana maji tu. Akaisukuma soda mbali kwa ncha ya kidole. Alipoinua macho akamwona Mwenye Simenti safu ya mbele kabisa ya viti vya wananchi, suti mpya, miguu ameipishanisha, anatabasamu kama bwana harusi.

"Umeona?" alimnong'oneza Mwalimu Mstaafu, diwani aliyeketi kulia kwake.

"Nimeona," Mwalimu akajibu, ingawa alikuwa anatafuta miwani.

Kushoto alikaa Muuza Mbao, diwani wa kata ya bondeni. Hao wawili walikuwa watu wake, akisimama wanasimama. Akahesabu vichwa. Wengine walikuwa safarini, wengine misibani, wengine wavivu tu. Waliokuwepo walitosha akidi, yaani idadi ambayo ikipungua kikao hakina nguvu, na kilichozidi ni kichwa kimoja. Wakitoka watatu, hakuna kikao. Wazo hilo likamkaa kichwani, akatulia nalo.

Kikao kikaanza kwa mwendo wake wa kobe. Kumbukumbu zilithibitishwa, ila Mama Kunajambo alitaka koma moja iondolewe kwa sababu hakuielewa ilitafuta nini pale. Kwenye matairi aliuliza yale ya zamani yamekwenda wapi. Kwenye mbwa, diwani mmoja alisema wahamishiwe nje ya mji, mwingine akauliza nani atawaeleza mbwa mpaka wa mji uko wapi, ukumbi ukacheka. Meya akacheka kuliko wote, kisha akamgeukia mama. "Au dada yangu ana neno? Tunapenda kukusikiliza." Hakuwahi kusema hivyo tangu azaliwe.

Karani wa baraza, mwembamba, mwenye kikohozi cha siku zote, aliketi karibu na Meya na bahasha mbele yake. Mara mbili alimtazama Mama Kunajambo. Mara ya tatu akamkonyeza. Loo! Mzee wa watu, mwenye wajukuu, anamkonyeza diwani kikaoni! Wote wamo, mama aliwaza. Wote wamekwishagawana, na sasa wananicheka usoni.

Mitaro ikapita. Meya akakohoa, akajiweka sawa kitini.

"Ajenda ya saba," alisoma polepole, neno moja moja. "Jengo la mizani ya zamani. Mabadiliko ya matumizi." Kisha akanyamaza. Alimtazama Mama Kunajambo, akasubiri, kama mtu aliyefungua mlango anangoja mgeni apite.

Mwenye Simenti alinyoosha tai yake.

Basi. Mama alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Hatutashiriki wizi! Jengo la watoto halipewi mtu hapa mbele ya macho yetu. Twendeni!"

Mwalimu akasimama. Muuza Mbao akasimama, ingawa alikuwa hajamaliza maji yake. Karani akaruka na bahasha mkononi, akawafuata hadi mlangoni, uso umempauka. "Mheshimiwa, ngoja. Ngoja usome kwanza. Ukurasa mmoja tu!"

"Sisomi kaburi langu!"

"Mama, nakusihi, rudi ukae, shauri limekwishatajwa..."

"Lizikeni wenyewe!" Akaubamiza mlango. Kwenye ngazi goti lilimuuma vibaya, wala hakujali. Alijisikia mwepesi. Hakuna akidi, hakuna kikao; hakuna kikao, hakuna ghala. Mwezi ujao atakuja na wanawake wote wa soko, wajaze viti vile, tuone nani atakaa safu ya mbele.

Alifika sokoni anapunga mkono kama mshindi wa mbio. Mama Mdogo alimwona kwa mbali, akaja anakimbia, mtoto mmoja kiunoni, uso unang'aa.

"Limepita?"

"Limepita nini? Nimelivunja! Nimekivunja kikao chote!"

Mama Mdogo alisimama. Akamshusha mtoto taratibu, kama aliyeogopa mikono itamwachia. "Umevunja ajenda ya saba?"

"Walitaka kumpa Mwenye Simenti. Nimewaona. Meya kanichekea, kaniwekea mto, kaninunulia soda..."

"Dada." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Ajenda ya saba ilikuwa yetu."

Akamweleza, palepale, wauza mkaa wakisikia. Maombi aliyapeleka yeye mwenyewe kwa Karani. Karani ndiye aliyeyapigania, akaenda kwa diwani mmoja mmoja, jioni baada ya kazi, mpaka wengi wakakubali. Kwenye ajenda waliliandika kwa maneno makavu ili madiwani wengine wasianze kila mmoja kudai jengo la kata yake. Kura zilikuwa zimetosha. Meya hakupenda, lakini asingeweza kulizuia. Kilichobaki ni mikono kunyanyuliwa tu.

"Na mimi?" Mama Kunajambo aliuliza. "Mimi dada yako, kwa nini hukuniambia?"

"Mwaka jana nilikuambia. Uliinuka kikaoni ukamwita Karani mwizi kabla hajafungua mdomo. Shauri likatupwa. Nilikuogopa, Dada. Ndiyo hivyo. Nilikuogopa wewe kuliko Meya."

Maneno hayo yalimwingia mahali ambapo hakuna adui aliyewahi kufika.

"Si neno," alisema mwishowe. "Mwezi ujao tutalipitisha. Nitanyanyua mikono yote miwili."

Hapo Karani akatokea, anahema, tai begani. Hakukaa. "Hakuna mwezi ujao, Mheshimiwa. Ungetoka kabla halijatajwa, lingesubiri. Shauri likishatajwa, na akidi ikavunjika, Meya huliamua mwenyewe kwa niaba ya baraza. Ndiyo kanuni. Niliwafundisheni siku ya semina."

Mama Kunajambo aliikumbuka semina. Siku nzima aliitumia kumchunguza mpiga picha, akitaka kujua ametumwa na nani.

"Ameshaamua?"

"Wino haujakauka. Ghala la simenti. Funguo amezitoa palepale ukumbini." Karani alikohoa, akajifuta mdomo. "Nilikukonyeza, mama. Nilidhani utanielewa."

Mama Mdogo hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kona, akalivuta lile kopo la rangi kutoka chini ya kitambaa. Rangi ya njano. Wanawake walikuwa wamechanga, alisema, ili leo hii jioni waanze na chumba cha vichanga. Akalibeba, akaenda kulirudisha dukani. Watoto wawili wakamfuata wakidhani wanakwenda kuliona jengo lao.

Ndipo mama akayaona yote kwa mpangilio wake. Goti. Mto. Soda. Mwenye Simenti, ambaye hakuwa na ajenda yoyote barazani siku ile, aliyealikwa aje tu akae safu ya mbele atabasamu. Jina la shauri lililosomwa polepole, na kile kimya baada yake. Meya hakumdanganya hata kwa neno moja. Alimfanyia wema tu, kwa kuwa alijua wema ndicho kitu pekee ambacho Mama Kunajambo hawezi kukistahimili. Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, na yeye aliingia mwenyewe, akaufunga na mlango.

Simu ikalia mkononi. Aliipokea bila kutazama.

"Dada yangu," sauti ya Meya ilikuwa laini, yenye furaha tele. "Nimekuona ukishuka ngazi kwa shida. Nikasema nikupigie. Goti linaendeleaje?"

Mama Kunajambo alikaa kwenye mkeka wa watoto, kwenye saruji baridi, akalia kwa sauti mbele ya soko zima. Upande wa pili wa njia, vijana wa Mwenye Simenti walikuwa tayari wanahangaika na kufuli la jengo la mizani, lililoshika kutu.