Vidonge vya Kuazima

Kwenye karakana ya sare za shule walimwita Bi Pindo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukunja na kushona pindo za sketi na suruali, kutwa nzima, nguo mia na ushee. Alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Ile ya kwanza ilitoka kabla hata majirani hawajaijua, kwa hiyo hii aliilinda kama yai. Hakubeba ndoo, hakupanda ngazi bila kushika ukuta, na kila asubuhi alingoja mtoto acheze tumboni ndipo ashuke kitandani.

Jambo moja tu hakulilinda. Choo cha karakana kilikuwa kimoja kwa watu arobaini, ng'ambo ya uwanja, na mlango wake haukufunga. Bi Pindo aliona haya. Akajizoesha kutokunywa maji tangu anapoingia kazini mpaka anapotoka, na mkojo ukimbana, naye anaubana.

Ikafika siku akaanza kuungua kila akienda haja ndogo. Hakumwambia mumewe, fundi rangi, mtu mpole ambaye akiona sindano ya mwenzake anatoka jasho yeye. Hakumwambia mama mkwe aliyekaa nao. Alimnong'oneza jirani yake wa cherehani, mshona vifungo, naye akamtolea kwenye pochi vidonge vilivyombakia alipougua koo. Bi Pindo alimeza viwili, kesho yake viwili tena. Maumivu yakapoa. Akashukuru, akanyamaza.

Baada ya wiki mbili mgongo ukaanza kumuuma, upande wa kulia, chini ya mbavu. Alisema ni kiti cha kazini. Mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto huku akimtania kwamba mjukuu ameanza kupanga vyombo vyake.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, jua limekolea juu ya mabati na wenzake wanajipepea kwa vipande vya kitambaa, Bi Pindo akaingiwa na baridi. Meno yakagongana. Mguu ukatetemeka kwenye kanyagio, mashine ikaenda ovyo, sindano ikavunjikia kwenye sketi. Mshona vifungo alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono kama aliyeshika sufuria jikoni. Lakini si homa iliyomtisha Bi Pindo. Alikuwa amekumbuka kwamba asubuhi ile alichelewa kuamka, akashuka kitandani bila kungoja, na mpaka saa hiyo mtoto hajacheza.

Walimpakia kwenye teksi. Njia nzima alibonyeza tumbo kwa vidole viwili, taratibu, kama anayebisha hodi asiitikiwe.

Hospitalini alipokelewa na mkunga mfupi wa makamo, mwenye raba nyeupe. Alimpaka mafuta tumboni, akaweka kipimo, akakisogeza huku na huku. Kimya. Kisha moyo ukasikika, mbiombio. Bi Pindo akalia kwa furaha. Mkunga hakufurahi, maana moyo ule ulikuwa unakimbia kupita kiasi. Aliuliza homa ilianza lini. Bi Pindo akasema leo. Aliuliza kama kuna dawa yoyote amekunywa. Akasema hakuna.

Mkunga akavuta kiti, akakaa wakatazamana.

"Mdogo wangu, sikuulizi ili nikugombeze. Nikijua ulichomeza nitajua cha kukupa. Nisipojua nabahatisha, na hapa nina wagonjwa wawili."

Basi akayasema yote, tangu choo kisichofunga hadi pochi ya mshona vifungo. Mkunga akamweleza kwa maneno mepesi. Vijidudu viliingia kwenye njia ya mkojo, vile vidonge vichache vikavituliza tu bila kuvimaliza, navyo vikapanda hadi kwenye figo na sasa vinaelekea kwenye damu. Homa kama hiyo huweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto akazaliwa na vijidudu hivyo. Hakuficha kitu. Bi Pindo alitamani angeficha.

Wakamtundikia dripu, wakamchoma dawa ya kuua vijidudu na nyingine ya kukomaza mapafu ya mtoto. Saa nane mchana tumbo likaanza kukaza. Saa kumi na moja jioni mtoto wa kike akazaliwa, hajafika kilo mbili. Hakulia. Alitoa mguno mdogo kila alipovuta pumzi. Wakamfuta, wakampitisha mbele ya mama yake haraka, na mama akaambulia kuona mguu mmoja tu, wa rangi ya majivu, kabla mlango haujafungwa.

Siku mbili Bi Pindo hakuweza kusimama kwa homa. Mumewe alikuwa akienda wodi ya watoto wachanga na kurudi akisema mtoto anaendelea vizuri, macho yakiwa kwenye dripu. Alisema hivyo mara tano, maneno yaleyale. Kufikia mara ya tano Bi Pindo alikuwa ameamini kwamba mwanawe ameshakufa, wanangoja tu apate nguvu ndipo wamwambie. Akaacha kuuliza. Alipomsikia mtu akija kwenye korido alifumba macho na kujifanya amelala.

Mama mkwe akaliona hilo. Siku ya tatu asubuhi alimtuma mwanawe akanunue sabuni, na sabuni ilikuwepo, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, mtoto yu hai," alisema. "Lakini anaumwa sana. Vijidudu vimeingia kwenye damu yake. Ana mpira wa hewa puani, na alfajiri alisahau kupumua, nesi akamsugua nyayo ndipo akakumbuka. Daktari hajatuahidi kitu. Mumeo anakudanganya kwa sababu anaogopa, basi."

"Mama, ni mimi niliyemfanya hivi."

Mama mkwe akasema hata yeye aliuona ule mgongo, akaja na maji ya moto na utani.

"Tutagawana," alisema. "Sasa shika bega langu twende."

Walikwenda hatua kwa hatua, wakipumzika kwenye kila dirisha. Mtoto alilala ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, mbavu zikizama kila alipopumua. Nesi alifungua kitundu cha ubavuni. Bi Pindo aliingiza mkono, akaogopa kumgusa, kisha akaweka kidole kimoja kwenye kiganja chake. Kiganja hakikufumba. Alisimama hapo mpaka nesi akataka kufunga kitundu.

Tangu siku hiyo alikamua maziwa matone kwa matone, nayo yakapitishwa kwenye mpira mwingine mwembamba hadi tumboni mwa mtoto. Siku ya sita homa ya mtoto ikashuka. Siku ya kumi mpira wa hewa ukatolewa, na Bi Pindo hakupepesa macho asubuhi nzima akihesabu pumzi. Siku ya kumi na tisa waliruhusiwa. Daktari aliandika kwenye kadi tarehe ya kurudi kupimwa masikio, kwani maradhi kama yale, na hata dawa zake, wakati mwingine hugusa usikivu wa mtoto.

Tarehe ilikuwa bado wiki tatu. Siku ya pili nyumbani, adhuhuri, fundi rangi alimkuta mkewe amepiga magoti nyuma ya kichwa cha mtoto, mikono imeinuliwa kama anayetaka kupiga makofi na kusimama hewani.

"Siwezi," alimwambia. "Piga wewe."

Fundi rangi akapangusa viganja kwenye suruali. Akavigonganisha mara moja, pa! Mtoto alishtuka mwili mzima, mikono ikatawanyika, uso ukakunjamana, akaachia kilio cha kujaza nyumba. Mama mkwe akauliza kutoka jikoni nani anamliza mtoto. Fundi rangi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, anafuta macho.

Bi Pindo alimbeba mtoto, akambembeleza hadi akanyamaza, akamlaza tena palepale.

"Piga tena," alisema.