Jiwe la Kimo cha Mama Keki

Kabla ya ajali, hakukuwa na harusi mtaani iliyofana bila keki yake, ndiyo maana hata mumewe alimwita Mama Keki. Baada ya ajali miguu ikagoma. Akawa anashinda mlangoni mwa jikoni kwenye kiti cha magurudumu, akimtazama wifi yake akipika. Kila akitaka kusogea, wifi alimrudisha: tulia, pumzika, mimi nipo. Wifi alikuwa mtu mwema, na wema huo ndio uliomchosha.

Mumewe alipoamua kubomoa jiko na kuweka kaunta za granaiti, alikuwa keshachagua. Dukani kulikuwa na mawe yaliyokatwa tayari kiwandani, kingo zimeng'arishwa, ya kukaa juu ya kabati za kimo kimoja. Yanafungwa siku moja, kazi imekwisha. Wifi akaunga mkono. Mawe ya kukatwa kwa kipimo, alisema, ni kujitafutia maudhi: fundi aje apime, akosee, arudie.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akajibu Mama Keki, akaomba apelekwe dukani.

Jiko la maonyesho lilikuwa na jiwe jeusi lenye chenga za fedha, linang'aa mpaka mtu anajiona uso. Alisukuma kiti mpaka pale. Magoti yakagonga milango ya kabati. Akanyoosha mikono kama anayekanda unga, viwiko vikapanda usawa wa mabega. Muuzaji akaeleza kwa upole kwamba hicho ndicho kimo kinachomfaa kila mtu.

"Na mimi unaniweka fungu gani?"

Muuzaji akatazama viatu vyake. Mume akashika kiti, akakisukuma nje.

Njiani mume alijitetea. Kaunta moja juu, nyingine chini, wageni wangeonaje?

"Jiko litakuwa kama ngazi," alisema.

"Acha liwe ngazi. Mimi ndiye nitakayeipanda."

Mume alicheka bila kutaka, na kiti kikageuzwa kuelekea karakana ya fundi mawe. Huko Mama Keki alimwomba fundi aanze kumpima yeye, ukuta baadaye. Fundi na mume wakashika kipande cha boksi mbele yake, naye akakanda hewa. Shusha. Shusha tena. Hapo. Akataka ukingo wa mbele ukatwe kwa kuingia ndani, kifua kikaribie na viwiko vipate pa kuegemea. Chini pasiwe na kabati. Jiwe lishikwe na vyuma vilivyochimbiwa ukutani. Ukuta mrefu wa sinki, kwa kuwa umenyooka na wengine ndio watakaosimama hapo, aliuachia jiwe la dukani. Hapo hata mume akakubali kwamba mkewe hakuwa akibishana kwa ajili ya kubishana.

Siku ya kufunga, mafundi walipoondoka, alisukuma kiti taratibu. Kikaingia chini ya jiwe kama kisu kwenye ala yake. Akaweka viganja juu ya granaiti, ubaridi ukampanda mpaka viwikoni. Kisha akavuta bakuli la unga. Wifi naye akanyoosha mkono kulipokea.

"Wifi yangu, umenipikia vya kutosha, Mungu atakulipa. Leo kaa sebuleni. Chai utaletewa."

Wifi akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni, anasikiliza siagi ikipigwapigwa kwenye bakuli na makabati yakifunguliwa bila yeye. Mume alipita mara mbili akijifanya anatafuta miwani. Harufu ikatangulia, kisha sinia likaja, limepakatwa mapajani mwa mwenye nyumba, keki bado ya moto.

Wifi alikula kipande, akaongeza cha pili. Ndipo akasema, sauti chini, kwamba binti yake amepangiwa siku ya harusi na keki haijapata mtu.

"Ya ghorofa ngapi?"

"Alitaka tano. Lakini hata mbili, wifi, ukichoka..."

"Tano," alisema Mama Keki, tayari amegeuza kiti kuelekea jikoni. "Mniletee mayai ya kutosha."