Safu ya Kabila

Hamad aliinua kona ya ukurasa kwa ncha ya kidole, akaulaza polepole juu ya mto wa sponji, akaendelea kunakili kwa penseli. Kalamu za wino hazikuruhusiwa katika chumba kile cha nyaraka. Ilikuwa mwaka 1998, na hii ilikuwa Alhamisi yake ya tatu kuvuka London nzima kwa treni mbili, kuja kumtafuta mtu aliyekwisha kufa: Feruzi, mkulima wa Pemba.

Aliyemtuma ni dada yake, Bi Ummukulthum. Kijana Mahir alikuwa amemposa binti yake, Afnan. Barua ya posa ililetwa kama ada inavyotaka, imefungwa ndani ya kitambaa cha hariri, na upande wa mke una haki ya kuulizia asili kabla ya kujibu. Kwao huulizwa majirani. London majirani hawajui kitu, ndipo Bi Ummukulthum akamkumbuka ndugu yake, aliyejifundisha mwenyewe kusoma madaftari ya zamani. Feruzi alikuwa babu wa baba yake Mahir.

"Niletee ukweli tu, Hamadi," alimwambia. "Nikishaujua nitatulia."

Hamad alimwamini.

Katika madaftari yale, watu wa Pemba walikuwa wamehesabiwa mara tatu. Mwaka 1924 Feruzi hakuandikiwa jina la baba. Kabila: Mnyasa. Kazi: mchumaji karafuu. Mke mmoja, Mize, na watoto watano. Mwaka 1931 alikuwa Feruzi bin Abdalla, Mswahili, ana mikarafuu kumi na minne ya kwake, na watoto wawili. Hapakuwa na safu ya kueleza wale watatu walikwenda wapi. Mwaka 1948 alikuwa mgane, haoni, anaishi kwa mwanawe. Kabila: Mshirazi.

Hamad alijua maana yake: Mnyasa lilikuwa jina la watumwa walioletwa kutoka bara, na Mshirazi la wenyeji waungwana. Kila karani alipopita, mtu yule aliyewahi kumilikiwa alijisogeza mbali kidogo na alikotoka. Hakumlaumu. Alinakili karatasi tatu kwa mwandiko safi, bila kuruka safu hata moja, maana hakuwahi kuruka. Alidhani atakayesoma habari za ile mikarafuu na wale watoto ataona haya kuuliza mengine.

Jumamosi Bi Ummukulthum alimwalika Suad, mama yake Mahir, pamoja na wanawake wanne wa jamaa. Halua ikaliwa, kahawa ikanywewa.

"Haya, Hamadi, soma."

"Mwaka 1931 alikuwa na mikarafuu kumi na..."

"Huko utafika. Anza 1924. Kabila."

"Mnyasa."

"Mnyasa wa nani?" Wanawake wakainamia vikombe vyao. "Halafu?"

"Mswahili."

"Kapanda ngazi! Halafu?"

"Mshirazi," alisema Hamad kwa sauti ndogo.

"Masikini, kafa mapema. Angeongezewa miaka kumi tungemkuta sharifu!"

Kicheko kikajaa sebule. Suad aliweka kikombe chini bila kukigonga.

"Bi Ummukulthum, si ungeniambia kwenye simu."

"Kwenye simu wenzangu wasingesikia."

"Watoto watatu walikufa," alisema Hamad. "Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili."

"Hao hawakuposa," dada yake akamjibu. Akakunjua kile kitambaa cha hariri, akaweka ndani yake zile karatasi tatu, akakifunga vizuri na kukilaza mapajani mwa Suad. "Mpelekee Mahir. Majibu yake hayo."

Afnan alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika mkononi. Alimfuata mjomba wake mpaka kituo cha basi, hana koti. Kiswahili alikielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza alimuuliza kwa nini hakuiacha karatasi moja nyumbani.

"Nilinakili kilichokuwamo, mwanangu."

Afnan akasema kwa Kiswahili, akilitafuta kila neno, "Na babu yenu wewe na mama? Yumo madaftarini?"

"Atakuwamo. Sijaliagiza daftari lake."

"Liagize, Mjomba."

"Tukimkuta kama Feruzi, mama yako..."

"Nitasoma mimi. Mbele ya wale wale."

Hamad alimtazama. Yalikuwa macho ya mama yake, pale alipokuwa akifunga kitambaa.

Jumatano alijaza fomu ya kuagiza daftari la kijiji chao. James, mhudumu wa kaunta, aliisoma akasema lile liko ghala la mbali. Litakuwa mezani kesho saa tatu. Hamad alishukuru, akarudi kukaa. Alichonga penseli, akaweka rula juu ya karatasi mpya, akaanza kupiga mistari ya safu kama alivyozoea. Jina. Baba. Umri. Alipofika ya nne, ya kabila, penseli ikasimama.

Kengele ya kufunga ikalia. Watu wakaanza kukusanya vitu vyao. Hamad akaikunja karatasi yenye safu tatu, akaitia mfukoni, akaenda kuvaa koti.