Pai ya Bibi Overbey

Twila Koontz alikuwa na sahani tano kwenye mkono wa kushoto na birika la kahawa kwenye wa kulia, Merle Overbey alipoingia mkahawani kwa Lorene na karatasi yake. Kengele ya mlango ililia kabla hajaugusa, waliokuwepo wanaapa.

Mkahawa wa Merle uko ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha na wa Lorene. Twila alihudumu humo miaka na miaka, mpaka Merle alipombakizia zamu zisizo na bakshishi. Akavua aproni, akavuka barabara. Lakini siku aliyoajiriwa na Merle aliitia saini karatasi hiyo, wima, kitambaa begani: akiacha kazi, mwaka mzima asihudumu kwenye mkahawa wowote ndani ya maili kumi. Na ukizipita maili kumi, sehemu ile ya Illinois, utayahudumia mahindi.

Mpwa wake mwanasheria alikwisha kumwambia kuwa sheria ya jimbo haimfungi mtu wa mshahara kama wake kwa karatasi ya namna hiyo. Merle naye alilijua hilo.

"Basi twende kwa jaji," alisema mbele ya walaji wote. "Mpaka akupe haki yako, nyumba umeshaiuza kumlipa wakili. Na Lorene naye nitamshtaki."

Lorene akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Twila akaelewa: akinyamaza, leo leo hana kazi. Akagawa sahani kwanza, zote tano, bila kumwaga mchuzi.

"Umeniibia wateja," Merle akasema.

"Wateja si ng'ombe. Delbert, una chapa ya Merle takoni?"

Mzee Delbert, mkulima wa soya, akajibu kuwa huko mkaguzi ni mkewe, atamuuliza. Watu wakacheka.

"Na siri zangu za biashara je?"

Twila akatua birika. Juu ya mlango wa Merle kuna ubao: PAI YA BIBI OVERBEY, TUNAOKA WENYEWE. Watu hutoka kaunti tatu kuja kuila, wengine wakilia kwa kuwakumbuka bibi zao. Twila ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa nyuma kila Alhamisi alfajiri, lori la kiwanda likishusha pai zilizoganda kama matofali. Hakumwambia mtu. Hata mumewe alikufa akiisifu.

"Siri zako ninazo, sijatoa hata moja," alisema polepole, akitazama nyuma ya bega la Merle. "Leo siku gani?"

Merle akageuka. Theluji ilikuwa imelichelewesha lori. Ndiyo kwanza linakata kona, jeupe, pai imechorwa ubavu mzima. Delbert alikwisha kuanza kunyoosha shingo.

Twila alikuwa keshafika dirishani, kamba ya pazia mkononi.

"Nivute, Merle, au niache watu waote jua?"

Merle akatazama lori, akatazama karatasi. Vidole vyake vikaikunja mara moja, vikasita, na mviringo wa pai ukaanza kuingia kwenye kioo, kipande kwa kipande.