Safu ya Nyumbani

Baba yangu hajawahi kumsifu mrusha mpira kwa alichokifanya kwao. "Mcheza kwao hutunzwa," husema, "kwa hiyo huko kwao mimi simhesabu." Ana daftari kubwa la hesabu, na kila ukurasa ameugawa safu mbili: Nyumbani, Ugenini. Humo wamo warusha mpira wa kasi wote wakubwa wa kriketi ya Test, ile ya siku tano, na kila mmoja ameandikiwa wiketi, yaani wapigaji aliowatoa mchezoni, alizoangusha mbele ya watu wake na alizoangusha kwa watu. Trueman wa Uingereza ana mia tatu na saba, lakini mia mbili ishirini na tisa ni za kwao. Kando yake baba ameandika kwa wino mwekundu: jogoo wa shamba. Lillee wa Australia alikwenda Pakistan mwaka wa 1980, akacheza mechi tatu, akarudi na wiketi tatu. Hizo tatu zimezungushiwa duara.

Mpenzi wake ni Hadlee wa New Zealand. Mia mbili na moja nyumbani, mia mbili na thelathini ugenini, tena huko ugenini aliwapa wapinzani mikimbio, yaani pointi, michache zaidi kwa kila wiketi. "Huyo ndiye mtu," baba husema, na hafungui mjadala.

Mimi ni Hidaya, binti yake wa pekee. Nauza nyama hapa Majengo, Meru, hatua chache kutoka msikitini. Kriketi sichezi na siipendi. Naijua jinsi mtoto wa fundi cherehani anavyozijua sindano, yaani kwa kuchomwa.

Baba aliupata ugonjwa huu akiwa kijana, alipokuwa akiwaokotea mipira wafanyabiashara wa Kihindi waliocheza Jumapili hapa mjini. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu, akapelekwa Siakago, kule chini Mbeere kwenye joto na ndengu. Alikaa huko miaka ishirini na tisa, akifundisha hesabu darasani na kriketi uwanjani. Mwaka alioajiriwa ndio niliozaliwa, kwa hiyo sikuwahi kumjua baba asiye wa Siakago. Alikuja mwisho wa mwezi, Ijumaa jioni, akaondoka Jumapili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba hakuwahi kufika siku ya tatu.

Siku hizo mbili alifungua daftari, akaniita ninakili takwimu kutoka kwenye magazeti. Nilikuwa nafurahi, sitadanganya. Ndio wakati pekee alionikalisha karibu naye. Lakini nikiandika sabini na sita mahali pa sabini na nane, alinifutisha ukurasa mzima na kunipigisha mistari upya. "Tarakimu ni amana," alisema. "Ukiandika uongo kwenye rekodi ya mtu umemdhulumu yeye na wote watakaomsoma."

Mama alifariki alfajiri ya Jumamosi moja mwaka wa 1998. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mjomba Idrisi, kaka yake mama, alikwenda Makutano kwa mwenye duka aliyekuwa na simu, akapigia ofisi ya serikali Siakago, akaambiwa karani atampelekea mwalimu ujumbe. Kwetu maiti hakawizwi bila sababu. Hata hivyo tulimngoja baba mpaka Adhuhuri, tukamngoja tena mpaka Alasiri, kwa sababu mjomba alitaka mume amteremshe mkewe kaburini kwa mikono yake. Alasiri ilipokwisha kuswaliwa mjomba akasema basi, akamteremsha yeye. Baba aliingia Majengo Magharibi imeshapita. Alisema ujumbe ulimfikia saa nane mchana.

Mjomba Idrisi hakukubali. Alisema alipiga simu kabla ya saa tatu asubuhi, na kwamba ukitoka ofisi ile kwenda shuleni hata jasho hulitoi. Baba akasema karani alichelewa. Tangu siku ile watu hawa wawili hawakusalimiana, hata siku ya Idi, mpaka mjomba naye akazikwa.

Mimi nilimwamini baba. Nilimwamini kwa sababu moja tu: mtu anayekufutisha ukurasa kwa tarakimu moja hawezi kukudanganya saa tano nzima. Kwa imani hiyo nilimtetea mbele ya watu wa mama mpaka wengine wakaacha kununua nyama kwangu. Kwa imani hiyo nilimpokea alipostaafu, na kiharusi kilipomkamata mguu wa kushoto ni mimi niliyemfundisha kutembea na mkongojo. Majirani waliniambia baba yako amekuja kwako siku ya jembe akiwa hawezi kushika jembe. Nilicheka nao, nikaendelea kumpikia uji.

Mwaka jana mwalimu mkuu wa ile shule ya Siakago alinipigia simu. Jina lake Wanjira. Alikuwa mwanafunzi wa baba, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Alisema wamesawazisha uwanja na wanataka uitwe kwa jina la Mwalimu Jamaldin. "Na tungeomba wewe uongee kwa niaba ya familia," akasema. "Watu wanataka kujua alikuwa anaishi aje na nyinyi nyumbani."

Niliandika ukurasa mmoja kwa wiki nzima. Yale ya Siakago yalikuja yenyewe. Ya nyumbani yalinipa taabu, na usiniulize kwa nini.

Siku moja kabla ya safari nilikuwa nikimsomea takwimu kwenye simu, maana macho yake sasa ni dhaifu. Nilimsomea Anderson wa Uingereza, wiketi mia saba na nne, zaidi ya mia nne za kwao. Baba akaguna. Nilimsomea Marshall wa West Indies, nyumbani mikimbio ishirini kwa kila wiketi, ugenini ishirini na moja na nusu.

"Huyo ni yule yule kila mahali," akasema. "Wa namna hiyo ni wachache."

"Na wewe, baba?"

"Mimi si mrusha mpira."

"Hata Hadlee wako, nyumbani aliangusha mia mbili na moja," nikasema. Nilisema kwa mzaha, au nilidhani ni mzaha. Baba aliniomba nimletee maji ya kutawadha.

Tuliteremka asubuhi, mume wangu Swaib akiendesha, tukapita Chuka, tukapita Embu, baridi ikabaki nyuma yetu. Siakago walikuwa wamefunga hema kubwa na kupanga viti vya plastiki pembeni mwa uwanja. Baba hakuwa ameshuka vizuri na tayari watu walikuwa wamepanga foleni kumsalimu. Watu wazima, wenye mvi, wengine maafisa wa serikali, walimshika mkono kwa mikono miwili. Mmoja alimwambia, "Mwalimu, bila wewe mimi saa hii ningekuwa nachunga mbuzi ya watu." Baba aliwajua wote kwa majina na kwa alama walizopata katika hesabu. Aliwatania, akawapiga mabegani, akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko kile. Niliona wivu, wivu wa kitoto kabisa, mimi mama wa watoto watatu.

Baada ya maombi na hotuba za wakubwa, Wanjira alisimama. Ni mwanamke mrefu, mabega mapana, na ukimwona unaamini kuwa aliwahi kurusha mpira.

"Mimi nitawaambia kitu moja tu," akasema. "Mwaka wa tisini na nane tulikuwa fainali ya shule zetu, hapa hapa. Mimi ndio nilikuwa narusha mpira. Sasa hiyo asubuhi, tukichora laini na chokaa, karani wa ofisi akakuja na karatasi. Ilikuwa saa tatu, najua juu kengele ilikuwa imetoka tu kulia. Mwalimu akasoma, akakunja, akaweka kwa mfuko ya shati. Tukamuuliza, Mwalimu, ni nini? Akasema, hakuna kitu, endeleeni. Akatusimamia mpaka mchana. Nilitoa watu sita, tukashinda. Tukiwa tunaimba na kikombe ndio akatuambia, bibi yangu amefariki, wacha niende." Alipangusa macho. "Hebu fikirieni. Mwalimu mwingine angetuacha. Mwalimu Jamaldin hakutuacha."

Hema lote lilisimama. Walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja karibu yangu akavua kofia. Swaib akanishika goti. Baba peke yake hakufanya lolote. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Sikulia. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa yanavuma. Nilimfikiria mjomba Idrisi. Alikufa akiitwa mtu wa fitina, na mimi ni mmoja wa waliomwita hivyo. Nilimwambia uso kwa uso, jikoni kwake, nikiwa na miaka ishirini, na yeye alinijibu, "Haya, mwanangu," akaendelea kunywa chai yake. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima, katikati ya watu wanaoshangilia kitu kilekile ambacho sisi kwetu tulikizika bila kukijua.

Wakaniita. Nilikwenda mbele na karatasi yangu. Kumvua nguo mzazi mbele za watu sikufundishwa, na wale hawakuwa watu wangu hata niwashtakie. Nikaanza kusoma. Nilisoma kuwa alipenda kazi, alipenda ukweli, alitusomesha. Nikafika kwenye ile sentensi niliyoiandika makusudi, iwe jibu kwa wote waliomsengenya miaka yote ile.

"Na siku iliyokuwa ngumu kuliko zote katika nyumba yetu," nikasoma, "baba aliondoka huku mara tu habari ilipomfikia, akaja kwetu."

Sijui kama niliisoma kumsitiri au kumchoma. Nadhani yote mawili. Watu wachache, walioisikia hesabu ikigongana, waligeuka wakatazamana.

"Simama hapo," baba akasema.

Ilikuwa sauti ya darasani, na nilinyamaza kama nilivyonyamaza nikiwa na miaka tisa. Alijikongoja akainuka. Wanjira alikimbilia kumsaidia, baba akamzuia kwa mkono, akaomba kipaza sauti.

"Hiyo si sahihi," akasema. "Futa."

Hakuna aliyejua kama acheke.

"Wanjira amesema kweli. Habari ilinifikia saa tatu na dakika kumi. Niliitazama saa yangu. Gari la Embu lilikuwa limesimama pale barabarani linapakia, nililiona kwa macho yangu. Ningefika kwetu kabla ya Alasiri." Aliuegemea mkongojo. "Binti yangu nilimwambia saa nane. Shemeji yangu Idrisi nilimwambia saa nane, na Idrisi amekufa nikiwa nimemfanya mwongo. Mnanipigia makofi kuwa sikuwaacha. Watoto wangu, sikubaki kwa ajili yenu. Niliogopa kwenda. Hapa nilijua la kufanya, napanga watu, nahesabu ova, mipira sita sita, kila mtu ananiita Mwalimu. Kule kulikuwa na maiti ya mke wangu na mtoto anayelia, na mimi nilikuwa sijui hata nisimame wapi katika ile nyumba. Basi nikakunja karatasi."

Wanjira alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mtangazaji wa sherehe alichukua hatua moja mbele, akarudi. Nje ya hema mtu alikuwa akigonga kreti za soda, naye akaacha.

Baba akanigeukia. Kipaza sauti alikuwa amekisahau, kikaning'inia mkononi na kuyapeleka maneno yake ardhini.

"Andika vizuri, Hidaya," akasema. "Saa tatu na dakika kumi."

Niliona mguu wake wa kushoto ukianza kumkataa, nikaenda nikamshika kwapani. Sikuwa nimemsamehe, na sitaki mtu anisomee msamaha mahali nisipouweka. Nilimshika asianguke. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyozoea, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Nikainamia sikio lake, watu wasisikie.

"Mama alikungoja mpaka Alasiri," nikamwambia.

"Najua," akasema. Na baba, ambaye jioni ile ya mwaka wa tisini na nane aliingia Majengo akasalimu watu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, macho makavu, akauegemeza uso wake begani kwangu, akamlilia mkewe.