Kiesperanto cha Saluni

Wanaosema tulijifunza Kiesperanto ili dunia ipate amani wamesema wao. Mimi nilijifunza ili nisengenye. Naanza na hilo kabisa, maana cheti kimetundikwa ukutani juu ya kioo, na kila mteja akikisoma hunitazama kana kwamba mimi ni mtu wa maana sana, nami nawashwa mwili mzima.

Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe. Viti vitatu, mashine mbili za kukaushia nywele, na beseni ambalo bomba lake halifungi mpaka ulipige kofi. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja. Sasa ninyi mnazijua saluni. Mtu anakuja na kichwa chake, na kichwa kina habari zake. Huyu nywele zinamkatika na bado anataka abanwe rasta ndogondogo. Yule alikwenda kusukwa ng'ambo ya barabara, wakamharibu, karudi anajifanya hajaenda popote. Mambo kama hayo ukiyameza kutwa nzima, jioni huwezi hata kula. Lazima uyaseme! Na kila lugha tuliyojaribu, mteja alikuwa nayo. Lugha ya bibi yetu, wanaijua. Kiingereza, wanatushinda. Tukabaki kukonyezana, na kukonyezana mbele ya vioo vitatu ni ujinga mtupu.

Mdogo wangu ndiye aliyeiona kozi kwenye simu. Ya bure, masomo mafupi, unasikiliza na kurudia huku mikono inasuka.

"Dada, lugha hii haina mwenyewe," akaniambia. "Daktari mmoja aliitunga zamani ili watu wote duniani waelewane. Na mtaani kwetu hakuna hata mmoja anayeijua."

"Basi hiyo ndiyo yetu," nikasema.

Na ilivyo rahisi, jamani! Haina ngeli. Jina linaishia na o, sifa inaishia na a, basi, unaendelea na maisha yako. Baada ya miezi miwili tulikuwa tunawachambua watu toka utosini hadi kisogoni, nyuso zimetulia tuli. Mteja akiuliza tunasema nini, tunamjibu kwamba tunataja majina ya dawa za nywele.

Mteja wa kila Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa mama mkwe mwenyewe. Kwa Kiswahili mimi ni mkwe wa kupigiwa mfano. Shikamoo mama. Karibu mama. Maji hayakuunguzi mama? Leo umependeza mama. Miaka tisa sijampandishia sauti, na mwaka ule nilikuwa na sababu ya kuongeza asali: shemeji yangu, mtoto wake wa mwisho, alikitaka kile chumba afungue duka la kutengeneza simu, na mama alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwaka ataamua nani apewe. Kikienda chumba kile, mimi nimekwisha. Wateja wangu wameuzoea mlango ule, na nyumbani kwetu hakuna hata ukumbi wa kuweka kiti kimoja.

Basi kwa Kiswahili nilikuwa asali. Kwa Kiesperanto, loo! Nilikuwa namsema mama wa watu akiwa mikononi mwangu, kichwa chake nimekiegemeza kwenye beseni, povu mpaka masikioni, yeye kafumba macho anatabasamu. Wacha nisitie chumvi. Nilimsema vibaya kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Sasa mambo yakaanza kuharibika kwa njia ambayo hatukuitegemea. Fundi cherehani wa mlango wa pili alishuku kwamba tunamsema yeye. Alishuku vizuri. Akaenda akaipakua kozi. Tukamwona anakuja kusukwa na visikilizio masikioni, anadai anasikiliza muziki, huku midomo inachezacheza. Akamwambia muuza dawa. Muuza dawa akamwambia dada yake, na dada yake hana siri. Kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti changu akataka kujua aliambiwa nini. Ndani ya mwaka mmoja mtaa ule mfupi, wenye duka la dawa moja na mataa mawili yasiyowaka, ukawa na wanafunzi zaidi ya arobaini wa Kiesperanto. Kweli lugha ile ilikuwa na faida! Sijawahi kuona watu wazima wakifanya mazoezi ya nyumbani kwa hasira kiasi kile.

Mimi na mdogo wangu tukarudi kunyamaza. Lakini kule ng'ambo, chama kimoja cha wapenzi wa lugha hiyo kiliona hesabu za wanafunzi kwenye mtandao kikashangaa. Mtaa gani huu? Watu gani hawa wenye moyo wa udugu namna hii? Barua ikaja. Mjumbe atakuja kutupa cheti, tena aliyeanzisha mwamko huo aandaliwe awe mkalimani wa hafla. Aliyeanzisha, yaani mimi.

Siku yenyewe tulipanga viti uani, nyuma ya saluni. Mjumbe alikuwa mzee mpole mwenye nyota ya kijani, alama ya lugha ile, kwenye koti. Alizungumza polepole, nami nikatafsiri: undugu, kuelewana, kubomoa kuta baina ya watu. Baba watoto alikaa safu ya pili, kifua mbele, anawaambia waliokaa jirani naye kwamba yule ni mke wake. Mjumbe akauliza kama kuna mwanafunzi angependa kusimulia jinsi lugha ilivyomsaidia. Fundi cherehani akainamisha macho. Wale arobaini wote wakainamisha macho. Sisi sote tulikuwa hodari wa kusema nywele, upara na uchafu, lakini hotuba hatukuwa nayo.

Akasimama mama mkwe.

Mimi nikadhani anakwenda kuongeza viti. Akashika kiti cha mbele yake, akasalimia, "Saluton," kisha akaendelea. Kiesperanto safi, kimenyooka, hana haraka. Mama huyu alistaafu kazi ya kuunganisha simu. Miaka thelathini na vidude masikioni, anasikiliza sauti za watu. Mdogo wangu akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Miaka tisa mke wa mwanangu ananiambia maneno matamu," alisema. Hiyo nikaitafsiri kwa furaha. Watu wakapiga makofi.

"Sikuyaamini hata siku moja," akasema.

Nikatafsiri, "Mama anasema anayashukuru kila siku."

Makofi tena, ya wale wasioijua lugha; wale arobaini, waliodaka neno mojamoja, wakatazamana. Baba watoto akasimama kabisa. Mama akangoja makofi yaishe, akanigeukia, akasema kwa lugha ileile na sauti ileile, "Umetia sukari nyingi. Anza tena."

Yeye alikijua Kiswahili, mjumbe alikijua Kiesperanto, na katikati nilikuwa mimi tu. Nilifikiria chumba. Nilifikiria viti vyangu vitatu viko nje kwenye jua na shemeji anapima mahali pa kuweka meza yake. Lakini yale macho ya mama yalikuwa yananingoja, na nikaona nikidanganya mara ya pili ataisema mwenyewe kwa Kiswahili. Nikaanza tena. "Mama anasema hakuyaamini." Hakuna aliyepiga makofi.

"Nikaona anajifunza lugha, nami nikajifunza. Kila Jumamosi, wiki ishirini na nane, nililala kwenye lile beseni nikamsikiliza. Nilimsikia akisema kwamba mimi sina nywele za kutengeneza, zimebaki kumi na moja. Hiyo ilinichekesha. Nilimsikia akisema..." Hapo akanitazama mimi, si mjumbe. "Alisema sina shida ya nywele, nina shida ya nyumba tupu. Alisema nakuja kila Jumamosi kwa sababu hapa duniani hakuna mtu mwingine wa kunigusa."

Nililisema lile, ndiyo. Nililisema na mdogo wangu akacheka. Sasa ikabidi nilirudie uani, mchana kweupe, kwa Kiswahili, mbele ya mume wangu, mtoto wa mama huyu. Sauti yangu niliisikia inatoka kama ya mtu mwingine. Baba watoto alikaa chini. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sioni haya kusema kwamba nililia.

"Ni kweli," mama akamalizia. "Chumba ni chake, kazi anaijua. Jumamosi sitakuja tena."

Nikatafsiri na hilo. Mjumbe alinikabidhi cheti bila kunitazama usoni. Baadaye tulisikia kwamba kwenye ripoti yake aliandika kuwa katika mtaa wetu lugha imeleta uwazi ndani ya familia. Wala hakudanganya.

Kwa hiyo chumba nilikipata. Shemeji alinuna, baba watoto hakusema nami siku nne, na Jumamosi ikafika, saa nne ikapita, kiti kikabaki kitupu. Ya pili hivyohivyo. Mimi si mtu wa kubembeleza, lakini Jumamosi ya tatu nilichukua kitana na mafuta, nikapita mlango wa ndani, nikamkuta amekaa sebuleni kwake na redio imezimwa.

Nikapiga magoti. Nikaanza: nisamehe mama yangu, ulimi hauna mfupa, mimi ni mwanao, nimekukosea sana...

"Hayo nimeyasikia miaka tisa," akanikatiza. "Niambie kwa lugha uliyonisemea."

Kwa Kiswahili nina maneno ya kupamba mpaka kesho. Kule sina. Nilitafuta kichwani nikapata vipande vya mtoto wa darasa la kwanza: Mimi nilikuwa mbaya. Wewe uko peke yako. Mimi niliona. Mimi nilicheka. Jumamosi mimi nakungoja.

Nilimwona anapepesa macho, na mkono wake umekibana kitambaa chake cha kichwani.

"Neno la pili umekosea," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Akanisahihisha tena, nikarudia tena, magoti yananiuma, kitana kimekwama mkononi. Mara ya nne au ya tano akatikisa kichwa.

"Lafudhi yako mbaya sana," akasema kwa Kiswahili. "Ila leo nimekuelewa."